Spika ya Nyuma Kushoto

Jumamosi alasiri fundi Obonyo alikuwa amekaa sakafuni chumbani mwa Edinah, katika ploti moja ya Huruma, akichuna waya kwa meno. Koleo alikuwa nayo mfukoni, ila alidai koleo hukata hata nyuzi za ndani, na meno yana huruma. Edinah alikuwa kwenye cherehani karibu na mlango, akishona kola za sare za shule. Kila baada ya muda alimtupia fundi jicho kuhakikisha hatemi plastiki kwenye zulia.

Spika zilikuwa za zamani, tano ndogo na wufa moja, za ile hom thieta ambayo marehemu mumewe Wabuge aliinunua Janice alipoingia sekondari. Risiva, mashine ya kuziendesha, ilikuwa mpya. Janice, kifungua mimba wao, aliituma kutoka Doha alikokuwa akifanya kazi za nyumbani, kwa sababu kila alipopiga simu alisikia cherehani tu nyuma ya sauti ya mamake, na mlio huo ulimnyima usingizi. Risiva ya kwanza haikuwepo tena. Ilibebwa na watu wale wale waliombeba Murunga. Spika waliziacha kwa kuwa Murunga alikuwa amezipigilia ukutani pamoja na waya zake, misumari mingi kupita kiasi, na watu hao walikuwa na haraka.

Murunga ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Alikuwa mpaka rangi nyumba, mrefu, mwenye koo lisilotulia, kiasi kwamba hakuweza kusema lolote la maana kabla ya kukohoa mara mbili. Tajiri mmoja, ambaye hakuna mtu wa Huruma aliyewahi kumwona akishuka garini, alizungushia mabati uwanja wa watoto ulio nyuma ya ploti. Watu wakakutana nje ya mabati hayo. Murunga aling'oa spika zake ukutani, akazipanga juu ya stuli, na ile ya nyuma kushoto akaipeleka mbali kabisa, kwa akina mama wauza mboga, kwa kuwa hakutaka mtu aseme hakusikia. Alisema uwanja una nambari yake kwenye vitabu vya ardhi na nambari hiyo ni ya watoto. Kila baada ya maneno machache alisimama na kuuliza, "Kule nyuma mnanisikia?" Akina mama wakajibu kwamba wanamsikia. Alirudi nyumbani akazipigilia upya, na siku ya pili yake wakaja wanaume wanne wapole wakamwambia Edinah kwamba wanamtaka kijana kwa maswali mawili matatu. Maswali hayo sasa yalikuwa yameingia mwezi wa tano.

Obonyo alimaliza kuunganisha. Risiva ilikuja na maiki ndogo ya kuwekwa mahali mtu anapokaa. Mashine hutoa mlio kwa kila spika, ikasikiliza, ikajua kila moja iko umbali gani, ndipo ikazipangia sauti zifike sikioni pamoja. Obonyo aliiweka maiki juu ya kochi, akaomba watu wanyamaze. Cherehani ikanyamaza. Mlio ukazunguka chumba.

"Mbele kushoto, mita mbili," Obonyo alisoma kwenye kioo cha mashine. "Mbele kulia, mita mbili. Ya katikati, moja na nusu. Nyuma kulia, mita moja. Nyuma kushoto, mita elfu ishirini na mbili na mia nne."

"Rudia hiyo ya mwisho," Edinah alisema.

Obonyo aliirudia, kisha akapima upya. Namba ikawa ile ile. Alipanda kwenye kochi, bila viatu, akaigusa spika kwenye msumari wake, akashuka.

"Hii spika haiko hapa, Mama Janice."

"Si naiona hapo kwa ukuta?"

"Hata mimi naiona. Lakini haiko hapa. Iko kama kilomita ishirini na mbili hivi. Ingekuwa waya mbovu ingekataa kabisa. Haijakataa."

Edinah alimwambia aweke redio. Kwaya ilikuwa ikiimba, na spika nne zikaimba nayo vizuri. Ya tano haikuimba. Ndani yake kulikuwa na upepo unaopita kwenye miti mingi, ng'ombe mmoja, na mbali kidogo msumeno wa injini. Kisha mtu akakohoa mara mbili.

"Kule nyuma mnanisikia?"

"Tunakusikia," Edinah alijibu.

Obonyo alisubiri kidogo kwa heshima. Halafu akauliza kama chai imebaki.

Edinah alifurahi. Ni lazima lisemwe wazi, kwa kuwa baadaye watu walipenda kusema kwamba mama huyo tangu mwanzo alikuwa akilia tu. Alifurahi hadi akashona kola upande usiofaa, akazifumua zote bila kununa. Mwanawe yuko mahali, mahali penyewe pana kipimo, na kilichobaki ni kumfuata. Hakutaka lingine duniani ila mtoto huyo arudi nyumbani.

Kulikuwa na tatizo moja, na lilikuwa kosa la Obonyo. Hakuangalia namba ya umeme iliyoandikwa mgongoni mwa spika. Spika za zamani zilivuta umeme kuliko risiva ilivyozoea, kwa hiyo ilipata joto, na ikishapata joto iliandika kwenye kioo kwamba inajilinda, ikajizima. Obonyo aliiwekea feni ndogo ya kompyuta. Haikusaidia sana.

"Utakuwa unasikiza kidogo kidogo," alisema. "Hii mashine inajipenda."

Basi Edinah alisikiza kidogo kidogo, wakati mboga zikiiva. Majirani walikuja na stuli zao siku za kwanza, wakakaa kimya, wakaitikia pamoja naye kila kijana alipouliza. Baadaye walizoea, wakawa wanaitikia kutoka milangoni mwao huku wakiosha vyombo. Mama mmoja aliomba sauti ipunguzwe mchana kwa sababu mtoto wake analala. Pasta alikuja, akaomba, akaweka mkono juu ya spika, na alipokuwa akiondoka akauliza iwapo zile nyingine nne zinaweza kuazimwa na vijana wa kwaya. Janice alipopiga simu aliuliza ni nani huyo anayeongea nyuma.

"Ni Murunga."

"Msalimie," Janice alisema. "Mwambie nilipata zile picha alinitumia."

Edinah alimwambia. Spika ilipumua tu. Murunga hakuwahi kujibu la mtu, aliuliza swali lake tu, na kati ya swali na swali alipumua.

Jumatatu moja Edinah alienda kituo cha polisi, simu mkononi, ameirekodi sauti. Afisa wa kaunta alikuwa na adabu. Alisikiza hadi mwisho, akaomba arudishiwe mwanzo, akasikiza tena.

"Huyu ni yeye?"

"Ni yeye."

"Na distance mnayo?"

"Iko. Kilomita ishirini na mbili na kitu."

"Direction?"

Edinah alisema mashine haisemi upande. Afisa alisikitika. Alieleza kwamba kilomita ishirini na mbili bila upande zinaweza kuangukia kaunti nyingine kabisa, na hapo wao hawana mkono. Akimletea upande, yeye mwenyewe atashughulikia. Hakuandika kitu. Alimsindikiza hadi mlangoni na kumwonyesha mahali pa kuvuka barabara pasipo na matope.

Upande ulitafutwa na Jelagat, mwanamke wa Ainabkoi aliyeleta maziwa Huruma kwa pikapu kila asubuhi. Alikuwa akimwachia Edinah maziwa tangu Murunga akiwa wa kubebwa. Alisema kwamba akishamaliza kugawa maziwa gari lake halina kazi, kwa hivyo hakuna sababu ya mtu kukaa na namba nyumbani. Obonyo aliifunga risiva kwenye betri ya gari kupitia inverta ya kugeuza umeme, akakaa nyuma kati ya mitungi mitupu akisoma kioo. Edinah alikaa mbele na spika mapajani, ameifunika na leso kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Walichukua kwanza barabara ya kwenda Ainabkoi, kwa kuwa ndiyo Jelagat aliyoizoea. Namba ilipungua, kisha ikaanza kuongezeka. Jelagat aligeuza gari. Walipoingia njia ya Kaptagat namba ikashuka bila kusita, elfu tisa, elfu sita, elfu tatu, na Obonyo akawa anaitangaza kwa kugonga paa. Ikifika wakati mashine inajilinda waliegesha kando, wakaipepea na gunia, wakaendelea. Wanariadha walipita wakikimbia, mmoja akawapungia mkono. Upepo uliokuwa ndani ya spika ukaanza kufanana na upepo uliokuwa nje ya dirisha, na mwishoni Edinah hakuweza kuutofautisha.

Walisimama kwenye geti la chuma, lililopakwa rangi karibuni. Ndani kulikuwa na shamba, na ndani ya shamba, miche ya miti iliyopandwa kwa mistari kwenye udongo uliochimbwa si zamani. Mlinzi alitoka. Alikuwa kijana, jina lake liliandikwa kifuani, Nicholas. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akaomba kuona kioo.

"Mita tisini," alisoma. "Iko sawa. Ni pale, mstari wa tatu."

"Tunaweza kuingia?" Edinah aliuliza.

"Hapana, Mama."

Spika mapajani ikakohoa mara mbili, na ng'ambo ya geti, kwenye mstari wa tatu, kikohozi hicho hicho kikasikika pia, kimechelewa kidogo. Kule nyuma mnanisikia? Nicholas aligeuza uso kuelekea kwenye miche.

"Tunakusikia," alisema kwa sauti ya kawaida. Kisha akamwambia Edinah, "Mimi huwa namjibu. Hasa asubuhi, huwa anauliza sana asubuhi. Si vizuri mtu aulize na anyamaziwe."

"Wewe ulimwona?"

"Mimi niliajiriwa baadaye, Mama. Nilikuta kumeshapandwa."

"Basi fungua nimwone mimi."

Nicholas alishika funguo zilizokuwa kiunoni, si kwa nia ya kuzitoa, alizishika tu. Alisema ana watoto wawili, na kazi hii aliitafuta mwaka mzima. Alisema hivyo bila kiburi, na Edinah alimwamini, na kumwamini huko ndiko kulikomuumiza. Angekuwa mtu mbaya angemtukana. Nicholas aliwaletea maji ya kunywa kwenye jagi, akasimama hapo hadi wakamaliza. Edinah alilishika geti kwa mikono miwili kwa muda. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikabaki viganjani mwake.

Kesho yake alirudi kituoni na upande. Afisa yule yule alimpongeza. Mbele yake alimpigia simu mwenye shamba, ambaye ndiye yule yule wa mabati ya uwanjani, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua. Afisa aliuliza kama shambani kuna kijana anayeitwa Murunga. Alisikiza jibu, akashukuru, akaweka simu mezani.

"Amesema hayuko."

"Anasikika hapo getini. Hata askari wa geti anamjibu."

"Mama, sijakataa kwamba anasikika," afisa alisema. "Nimekataa kwamba yuko. Hii ni private property na mwenyewe amesema hayuko. Sasa unataka nifanye aje?"

Edinah alijua anataka afanye nini, akamwambia, neno kwa neno, achukue sepeto aende achimbe mstari wa tatu. Afisa aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jambo la busara. Hata hivyo hakusimama.

Hapo ndipo Mzee Mukhwana alipokuja kutoka Ndalu, kaka yake marehemu Wabuge, akiwa na kofia yake ya mazishi ndani ya mfuko wa karatasi. Ukoo ulikuwa umekaa kikao. Kwao, mtu akipotea asipatikane, huzikiwa shina la mgomba mahali pake, ili watu waendelee na mambo yao. Kulikuwa na harusi mbili zilizosimama kumsubiri Murunga, na wazee hawakutaka vijana waoe mtu akiwa bado yuko njiani. Lakini aliyezikiwa mgomba, hata akirudi na miguu yake miwili, haingii langoni. Amekwisha kuwa na kaburi. Ndiyo maana Edinah alikataa.

"Anapumua, mulamwa," alimwambia shemeji yake, akaiwasha risiva.

Mukhwana alivua kofia aliyokuwa nayo, akamsalimia mtoto wa nduguye kwa Kibukusu, salamu ndefu, za nyumba nzima na ng'ombe pia. Akasubiri. Kule nyuma mnanisikia? Mzee alijibu kwamba nyumbani wanamsikia. Risiva ikapata joto ikajizima.

"Huyu ameenda, mulamwa," Mukhwana alisema.

"Si umemsikia akipumua?"

"Nimemsikia. Hata babake, akiwa ameshaenda, alipumua wiki nzima kwa ile nyumba ya nyuma, tukamwacha amalize. Huyu ana shida gani mpaka sasa hajamaliza?"

Edinah alisema ana shida ya kwamba yuko kwenye shamba la mtu. Mzee alilala kwenye kochi, asubuhi akaenda zake na kofia ndani ya mfuko.

Huenda Edinah angeendelea kukataa miaka. Kilichomshinda ni simenti. Alasiri moja spika ilileta lori likirudi nyuma, watu wakiagizana, sepeto likikwangua, na mashine ya kuchanganya zege ikizunguka. Siku hiyo hiyo, nyuma ya ploti, ndani ya mabati ya uwanjani, mashine nyingine ya zege ilikuwa ikizunguka pia, hata majirani wakashindwa kujua ni ipi inatoka wapi. Baada ya siku chache upepo ukaondoka ndani ya spika. Ng'ombe akaondoka. Kikohozi kilibaki, lakini kwa mbali, kama cha mtu aliyejifunika blanketi. Swali lake lilikuwa lile lile. Edinah alikaa mbele ya spika akajua, bila mtu kumwambia, kwamba watu hao hawatachimba kamwe, na kwamba mwanawe ataulizia chini ya sakafu ya mtu mwingine hadi yeye mwenyewe afe. Alilia siku hiyo. Alilia kwa sauti, mguu ukiwa kwenye cherehani, sindano ikapanda na kushuka bila kitambaa.

Alimpigia Mukhwana simu.

"Mgomba sitaki," alisema. "Tuzike spika. Hiyo ndiyo iko na sauti yake. Nikiileta Ndalu atatoka huko aje nyumbani."

Mzee alifikiri. Aliwauliza wenzake. Walisema haijawahi kufanyika, lakini hata mgomba kuna aliyeanza.

Obonyo alikata waya za spika ya nyuma kushoto karibu na msumari, akaacha ncha mbili zikining'inia. Jelagat aliendesha pikapu hadi Ndalu bila mitungi. Spika ilivalishwa shati la Murunga lenye madoa ya rangi, ikalazwa kwenye jeneza fupi, na kaburi likachimbwa la urefu kamili kwa sababu wazee walisema mtu hapunguzwi. Pasta alisoma. Mukhwana alivaa kofia yake. Edinah alitupa udongo wa kwanza, akamwambia mwanawe kwamba sasa yuko kwao, kando ya babake, na hapa hahitaji kupaza sauti. Harusi ya kwanza ilipangiwa mwezi uliofuata.

Aliporudi Huruma, uwanja ulikuwa na ukuta wa mawe na bango la kukodisha maduka. Watoto walikuwa wakicheza mpira kwenye njia ya maji machafu. Edinah alimwita Obonyo aje apime risiva tena, kwa kuwa spika sasa zilikuwa nne na mashine ilihitaji kujua. Hakumwambia sababu nyingine. Umbali wa kutoka Huruma hadi Ndalu alikuwa ameshamwomba Jelagat amtafutie, na akaukariri.

Obonyo aliweka maiki juu ya kochi. Cherehani ikanyamaza. Mlio ukazunguka chumba.

"Mbele kushoto, mita mbili. Mbele kulia, mita mbili. Katikati, moja na nusu. Nyuma kulia, mita moja." Aliangalia msumari ukutani na ncha mbili za waya. "Nyuma kushoto bado iko."

"Ngapi?"

"Elfu ishirini na mbili na mia nne."

Edinah aliinamisha kichwa. Hiyo haikuwa Ndalu. Obonyo alitaka kupima tena, na Edinah akamwambia aache, mashine haijawahi kukosea. Kwao Ndalu kulikuwa na kaburi, lango lilikuwa limefungwa, na mwanawe alikuwa kule kule.

Kwenye ncha za waya mtu akakohoa mara mbili.

"Kule nyuma mnanisikia?"

Ilikuwa jioni, wakati wa kuosha vyombo, na ploti nzima ilikuwa milangoni. "Tunakusikia," wakaitikia wote, mlango kwa mlango, mikono ikiwa bado ndani ya maji, na fundi Obonyo pamoja nao. Edinah alifungua mdomo kuitikia. Risiva ilikuwa imeshapata joto. Iliandika kwamba inajilinda, ikajizima.